Mke Amerudi na Goti Jipya

Kusagika kwa magoti huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa wakishapita miaka 50. Kwa hiyo huku kwetu Tezo, Kilifi, goti likishapasuliwa, muuguzi anayebaki nyumbani mara nyingi ni mwanamume ambaye tangu aoe hajawahi kumtekea mtu mzima maji ya kuoga wala kushika saa ya dawa ya mwenzake. Huyo ndiye ninayemwandikia. Ikiwa aliyepasuliwa ni mume na muuguzi ni mke, mambo ni yale yale, ila mke huenda akaniona namfundisha kazi anayoijua.

Msitoke wodini kabla hamjajibiwa swali moja: anaruhusiwa kuukanyagia mguu kiasi gani? Upasuaji wa goti ni wa aina nyingi. Aliyebadilishwa goti zima, akawekewa la chuma na plastiki, kwa kawaida husimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake, akatembea kwa woka na kuegemea mguu kadiri anavyostahimili. Aliyevunjika pia ya goti kwenye ajali ya bodaboda akafungwa nyaya anaweza kupewa masharti tofauti kabisa. Kijana aliyeumia uwanjani akaingiziwa kamera kwa tundu dogo huweza kulala kwake usiku uleule. Jirani atakuja kukwambia, "Mimi shemeji yangu alikaa wiki tatu hajakanyaga," naye anasema kweli, ila goti la shemeji yake si hili. Jibu la daktari au la mtaalamu wa fiziotherapia liandikwe kwenye karatasi, na karatasi ibandikwe ukutani. Mimi hapa nazungumzia zaidi goti la kubadilishwa.

Kazi yako inaanza kabla hajarudi nyumbani, na inaanzia chooni. Nyumba nyingi huku zina choo cha shimo nje, nyuma ya nyumba, nacho ni cha kuchuchumaa. Goti lililopasuliwa juzi halichuchumai. Siku hizi za kwanza likijikunja kufikia digrii 90 ni la kushukuru, na kuchuchumaa kunataka zaidi ya hapo kwa mbali. Wengi hushtukia jambo hili mgonjwa akiwa ameshateremka garini na haja imembana.

Maduka ya vifaa vya hospitali huuza viti vya chuma vyenye tundu katikati na ndoo chini yake; uliza wodini kama kuna pa kukodi. Watu wengi huchukua kiti cha plastiki cha kawaida wakakikata tundu kwa kisu cha moto. Mimi sikipendi. Kikishakatwa pale katikati kimepoteza nguvu, na juu ya saruji yenye maji miguu yake hupanuka na kuteleza. Mgonjwa naye hukaa kwa kishindo, maana mguu mmoja haumwezeshi kujishusha polepole. Afadhali seremala akupigie kiti cha mbao chenye miguu minne iliyosimama imara na mikono pande zote mbili ya kujisukumia. Kimo kipimwe kwa mwenyewe kabla hajaenda kupasuliwa: asimame wima, pima kutoka sakafuni hadi kunjo la nyuma ya goti, kisha uongeze upana wa vidole vinne. Akikalia, nyonga ziwe juu kuliko magoti. Hapo kuinuka ni kazi ya mikono, goti linafuata tu. Kiti cha kukalia barazani nacho kifuate kipimo hichohicho. Stuli fupi za jikoni ziondolewe, na mbuzi ya kukunia nazi isimkaribie kwa muda mrefu ujao. Nazi utakuna wewe.

Usiku kiti hicho kikae chumbani na ndoo yenye mfuniko chini yake. Ndoo umwage wewe, alfajiri, watoto wakiwa wamelala. Nakutajia hili kwa sababu wanawake wengi huacha kunywa maji mchana ili wasikuamshe usiku. Ukiona kikombe kinarudi kimejaa, ujue ndiyo sababu, na usimwulize mbele ya watu. Asipokunywa maji atafunga choo, kwa kuwa dawa kali za maumivu kama tramadol hukausha tumbo, tena damu ya mtu aliyekaukiwa na maji huganda upesi zaidi. Papai, ukwaju, kunde na mboga za majani zitamsaidia kuliko sima tupu. Pamoja nazo apate samaki, mayai au mbaazi kila siku, kwa sababu kidonda kinajengwa kwa hizo.

Kisha tazama njia. Mchanga wetu unameza magongo, na woka hukwama kama mkokoteni. Kutoka mlangoni hadi chooni mwaga murram, nyunyiza maji, shindilia mpaka kisigino chako kisiache alama. Ndani kunja mikeka yote uiegemeze ukutani, waya wa chaji uupitishe juu, kuku wafungiwe nje. Geuza magongo uangalie ile mipira ya chini: ikiwa imelika, chuma kinagusa saruji na siku moja kitateleza. Kitanda cha kamba kikazwe, kwa kuwa kilichobonyea katikati humlaza mtu goti likiwa limekunjika usiku kucha. Kikiwa kifupi, fundi akiongezee miguu. Msikipandishe juu ya matofali. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, kisije kikamnasa mguu akishuka gizani, na tochi iwe chini ya mto wake, si wako.

Kwenye kizingiti na ngazi kuna kanuni moja ya kukariri: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu uliopasuliwa unatangulia pamoja na gongo. Akipanda simama nyuma yake, akishuka simama mbele yake. Usimshike mkono na kumvuta, maana unamnyima mizani. Shika kiunoni, kwenye leso uliyomfunga imara.

Pesa nazo zinazungumzwa mapema. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF kwenye bima ya afya ya serikali, michango inatakiwa iwe imelipwa kabla mtu hajalazwa. Uliza ofisi ya hospitali kwa maandishi: upasuaji unalipiwa kiasi gani, na hicho chuma chenyewe cha goti kimo ndani ya hesabu au kinanunuliwa kando.

Siku ya kurudi. Wengi wetu hupasuliwa Mombasa, na wapo wanaofika hadi Hospitali ya PCEA Kikuyu, karibu na Nairobi, kwa ajili ya upasuaji huu. Kutoka Mombasa hadi Tezo ni zaidi ya kilomita 60, na foleni ya Mtwapa haina huruma na mgonjwa. Bodaboda haifikiriwi kabisa, na matatu nayo siku hiyo iacheni, kwa sababu hakuna pa kunyooshea mguu. Kodisha gari dogo. Kiti cha mbele kisukumwe nyuma mpaka mwisho na kulazwa kidogo. Akalie kwanza kwa makalio akiwa ametazama nje, halafu ageuke na kuingiza miguu yote miwili, wewe ukiubeba ule mgonjwa kwa kisigino. Ameze dawa ya maumivu kama nusu saa kabla ya kuondoka. Njiani apige nyayo juu na chini, kama anayekanyaga cherehani, kila mkikwama kwenye foleni. Simameni Vipingo au popote penye kivuli, ashuke, asimame kidogo. Kukaa muda mrefu mguu ukining'inia huchangia damu kuganda kwenye shavu la mguu.

Usiku wa kwanza nyumbani ni mgumu, naye huenda akajuta kwa nini alikubali kupasuliwa. Hospitali ganzi ilikuwa bado inamsaidia. Sasa imeisha, na goti limevimba. Hapa ndipo saa yako inapokuwa na thamani kuliko maneno ya kumliwaza. Maumivu haya hayasubiriwi yafike, dawa inatangulia. Parasetamoli, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini na asiye mwepesi wa mwili, kwa kawaida ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, na isizidi gramu 4 kwa siku. Saa zetu za Kiswahili zinarahisisha mambo: saa kumi na mbili, saa sita, saa kumi na mbili, saa sita. Chora jedwali, na kila akimeza weka alama. Dawa nyingine fuata karatasi ya hospitali kama ilivyo. Usimwongezee kidonge cha kichwa kutoka dukani, kwa maana vingi vina parasetamoli au aspirini ndani yake, na akiwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, aspirini au ibuprofen ya kujinunulia inaweza kumtoa damu tumboni. Sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda havikatizwi hata akijisikia mzima. Dawa za presha na sukari ulizeni zinaendeleaje. Sukari iliyopanda huchelewesha kidonda. Mnazi wa kunywa usikaribie chumba hicho, hata kwa kumchangamsha: pamoja na tramadol unaweza kumfanya apumue kwa shida usingizini.

Sasa niseme litakalowaudhi wengi. Adui wa goti hili siku hizi za kwanza ni huruma yako. Mgonjwa analalamika, wewe unachukua mto mnene unauweka chini ya goti, analegea, anasema, "Hapo sawa, baba watoto." Kwa kweli anapata nafuu, kwa sababu goti lililovimba hupenda kujikunja kidogo. Lakini likizoea kulala hivyo halitanyooka tena vizuri, na mtu asiyenyoosha goti huchechemea maisha yake yote, goti liwe la bei gani. Mto uende chini ya kisigino, goti lenyewe lining'inie wazi bila kitu chini yake. Litauma. Mwache hivyo dakika chache, pumzisha, rudia mara kadhaa kwa siku. Akitaka kupunguza uvimbe, alale chali mguu wote uwe juu kuliko kifua, ukiegemezwa kuanzia shavu la mguu hadi kisigino.

Huruma hiyohiyo ndiyo inayomletea kila kitu kitandani. Chai kitandani, maji kitandani, simu kitandani, mpaka jioni hajasimama. Zamani wagonjwa wa upasuaji kama huu walilazwa siku nyingi. Madaktari wameliacha jambo hilo kwa sababu aliyetembea mapema hupona upesi na hatari ya damu yake kuganda hupungua. Kwa hiyo chai iwe barazani, aifuate. Kila saa aliyo macho ainuke, atembee hadi mlangoni na kurudi, hata kama ni mara moja. Akilia, na huenda akalia, hasa siku ya tatu au ya nne usingizi ukiwa haba, kaa naye. Kilio hicho hakimaanishi kwamba umemtesa.

Mazoezi aliyopewa yafanyike nusu saa baada ya dawa. La kwanza: mguu umenyooka kitandani, anabana misuli ya paja na kulisukuma goti lishuke kwenye godoro, anahesabu hadi tano, anaachia, mara kumi. La pili linataka ustadi kidogo: kuburuta kisigino kuelekea makalio ili goti lijikunje. Kwenye shuka kisigino hukwama. Chukua sinia ya aluminiamu, ile ya kupakulia wali, uiweke chini ya kisigino juu ya godoro. Mguu utateleza wenyewe. Kisha mzungushie leso chini ya wayo, ashike ncha zake mbili kama hatamu, na avute taratibu mpaka panapouma, ashikilie, arudishe. Avute yeye. Wewe usilikunje goti lake kwa mikono yako kamwe.

Baada ya mazoezi ni barafu. Gandisha maji kwenye chupa za soda za nusu lita. Kama huna friji, muuza duka mwenye friji atakuwekea mbili tatu kwa bei ndogo. Zungushia leso kavu, chupa moja kila upande wa goti, dakika 15 hadi 20, kisha toa. Barafu isiguse ngozi, hasa pale pembeni mwa mshono ambapo ngozi imekufa ganzi na haitahisi ikiungua. Ganzi hiyo ni ya kawaida. Kawaida pia ni mvilio wa damu unaoteremka hadi kifundo cha mguu, joto la goti, na mlio wa kugonga-gonga ndani anapotembea. Uvimbe wenyewe huchukua miezi kuisha.

Kuoga: bandeji haiguswi na maji mpaka mruhusiwe. Mkalishe kwenye kile kiti cha mbao, mguu juu ya stuli, ndoo na kata pembeni, kitambaa cha kufutia. Muislamu anaweza kuswali akiwa amekaa kitini, na kuhusu kutawadha penye bandeji imamu wa msikiti wenu atawaeleza ruhusa iliyopo. Kupiga magoti kanisani kungoje daktari. Kulala kitanda kimoja hakujakatazwa. Lala upande wa mguu mzima ili usije ukaupiga teke ule mwingine. Tendo la ndoa wengi hulirudia baada ya wiki nne hadi sita, kidonda kikiwa kimefunga na yeye mwenyewe akitaka.

Ukipata msaidizi wa kike, shukuru, lakini fikiria ni nani. Mama mkwe akija kukaa, heshima baina yenu itakuzuia kuingia chumbani ovyo, na saa sita ya usiku dawa itakosa mtu. Shemeji au binti mkubwa anafaa zaidi kwa kulala naye zamu.

Na wageni watakuja. Watakuja wengi, na ndivyo inavyopaswa. Waweke barazani, mgonjwa awatokee kwa woka: hayo nayo ni mazoezi. Shida ni mikono yao. Shangazi atakuja na chupa ya mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na majani aliyoyachuma, naye kwa mapenzi kabisa ataukunjua mguu mapajani mwake aanze kuukanda. Usikubali. Kukanda shavu la mguu lenye damu iliyoganda kunaweza kuling'oa donge likasafiri hadi mapafuni na kuua, na majani juu ya mshono yanaingiza vijidudu kwenye chuma ambacho kikishika usaha huenda kikalazimika kutolewa. Mwambie, "Shangazi, daktari amekataza asikandwe. Lakini mazoezi hayahesabu vizuri akiwa na mimi. Hebu nisaidie umhesabie wewe." Atahesabu, tena kwa ukali kukushinda.

Kila siku tazama mguu. Vitabu husema uangalie wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Tumia mgongo wa kiganja: gusa goti, gusa lile la pili, kumbuka ya jana. Joto linalozidi siku hata siku, ngozi inayong'aa na kukaza, majimaji au usaha kwenye mshono, harufu, au maumivu yaliyokuwa yakipungua yakaanza kupanda, hayo ni ya kupiga simu siku hiyohiyo. Homa ndogo siku mbili za kwanza si ajabu. Ikifika nyuzijoto 38 na kuendelea, mpeleke. Huku Pwani tumezoea kuiita kila homa malaria, tukanunua dawa tukalala. Apimwe malaria, sawa, lakini hata ikionekana, mshono lazima uonwe na daktari.

Shavu la mguu likivimba, likawa gumu na kuuma upande mmoja, aende hospitali siku ileile. Akikosa pumzi ghafla, kifua kikamchoma au akakohoa damu, hakuna kungoja kupambazuke wala kumpigia kaka yako Nairobi kwanza. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kilifi haiko mbali. Patana tangu mapema na dereva mmoja wa teksi au tuktuk anayelala karibu na anayepokea simu usiku, namba yake iandikwe kwenye karatasi ileile ya ukutani, na mpe malipo kidogo ya kutangulia ili asizime simu.

Nyuzi au pini hutolewa kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14. Siku hiyo beba jedwali la dawa na vidonge vilivyobaki kwenye pakiti zake. Mwambie daktari goti linajikunja kufikia wapi na kama linanyooka kabisa juu ya kitanda. Ulizeni dawa ya kuzuia damu kuganda inakoma lini, fiziotherapia itaendelea wapi na mara ngapi kwa wiki, na ni lini ataruhusiwa kujimwagia maji. Barazani kwa daktari kuna foleni ndefu na viti vifupi, kwa hiyo pakia na kile kiti cha seremala.